Nyuma ya Mbunge wa Mihula Sita

Mbunge niliyemtumikia hakuwa msemaji. Pekua Taarifa Rasmi za Bunge, hizi tunazoziita Hansard, tangu alipoapishwa mwaka 1985 hadi alipotoka 2015, hutakuta hotuba yake hata moja ya kunukuu. Utakuta maswali. Mafupi, makavu, mengine yakijirudia karibu neno kwa neno baada ya mwaka mmoja au mitatu, hadi ukadhani muulizaji kasahau kwamba alishauliza. Hakuwa amesahau. Kurudia ndiyo ilikuwa kazi yenyewe, na hata mimi niliyekaa naye karibu kuliko wengi nilichelewa kuielewa.

Nilikuwa katibu wake jimboni. Jimbo silitaji, na yeye simtaji, kwa sababu familia yake ipo na sikuiomba ruhusa. Itoshe kwamba ni kusini, ng'ambo ya Rufiji, kwenye mikorosho. Nilianza kazi baada ya uchaguzi wa 2000, yeye akiwa amekwishakaa bungeni miaka 15. Nilimwita Mzee. Wapiga kura walimwita Mheshimiwa akiwepo, akiondoka walikuwa na majina mengine. Mimi nilibaki kuwa "bwana mdogo" wake hadi mwisho, hata nilipoanza kuota mvi.

Hadithi aliyoipenda kuisimulia tukiwa barabarani ni ya uchaguzi wake wa kwanza. Wakati ule chama ni kimoja. Vikao vya CCM vilichuja majina mpaka wakabaki wagombea wawili, mmoja akapewa alama ya jembe, mwingine nyumba, na wananchi wakaachiwa wachague. Wagombea hao hawakufanya kampeni kila mtu kivyake. Walizungushwa pamoja na chama, jukwaa moja, viongozi wakiwasimamia, na ilikuwa marufuku kutumia lugha ya kabila au kugusa dini ya mtu. Mzee alipewa jembe. Mwenzake mwenye nyumba akawa anawaambia watu kwamba jembe linashinda shambani lakini jua likizama kila mtu anarudi nyumbani. Mzee anajibu kwamba nyumba isiyo na jembe watu wake hulala njaa. Mkutano ukiisha wanakula sinia moja na kulala nyumba moja ya wageni. Alikuwa akisema hakuwahi kushinda uchaguzi mgumu kuliko ule, maana huwezi kumsingizia mtu aliyekaa kando yako anakusikia.

Na kila kijana alipomwambia kwamba yeye haanguki, alimtaja Paul Bomani, Waziri wa Fedha aliyeangushwa na wapiga kura Mwanza mwaka 1965. Chama kimoja, serikali ya Mwalimu, na waziri mzito akarudishwa nyumbani kwa kura. Mzee hakuwa mtu wa kutia chumvi. Alilitaja jina hilo bila maelezo, halafu akabadili mazungumzo.

Sasa niseme juu ya maswali.

Wakati naanza, kwenda Dar es Salaam kutoka kwetu kulihitaji moyo. Unafika Ndundu unasubiri pantoni ya kuvuka Rufiji, na masika yakichachamaa basi linaweza kukwama njiani siku kadhaa, abiria wakashuka wakasukuma, wakapika pembeni mwa barabara. Daraja la Mkapa, lenye urefu wa karibu kilomita moja, lilifunguliwa 2003, na watu wa kusini tukashangilia kana kwamba tumeunganishwa upya na nchi. Lakini kutoka darajani, Ndundu hadi Somanga, zilibaki kilomita 60 za udongo. Kilomita 60 hizo zilimeza muda mwingi wa maisha ya Mzee kuliko kitu kingine chochote, na wala hazikuwa ndani ya jimbo lake. Nilipomuuliza kwa nini anapigania barabara ya jimbo la mwenzake, alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anapumua. Korosho zetu zinapita wapi? Mgonjwa anayepelekwa Muhimbili anapita wapi?

Swali la msingi bungeni huandikwa na kupelekwa Ofisi ya Bunge mapema, wizara nayo ikaandaa jibu kwa utulivu. Kwa hiyo jibu la msingi halina ajabu. Waziri au naibu wake anasoma karatasi. Mzee hakulijali sana jibu hilo isipokuwa kwa jambo moja: je, lina mwaka ndani yake? Likiwa na mwaka wa fedha, alirudi nalo. Mwaka huo ukipita, swali linarejea, safari hii likianza na kauli ya waziri mwenyewe, tarehe na yote. Likiwa halina mwaka, alitumia swali la nyongeza kuutafuta. Usiku uliotangulia aliandika maswali ya nyongeza ya aina mbili, moja kwa ajili ya jibu la kukubali na jingine kwa ajili ya jibu la kukwepa, na mara nyingi alitumia lile la pili.

Kazi yangu ilikuwa kumlisha. Gari gani lilikwama, mwezi gani, kalavati lipi limesombwa, zahanati ipi imejengwa na wananchi hadi lenta na haijaezekwa. Alikataa taarifa za jumla. Nikimwambia "barabara ni mbaya sana" alikata simu. Nilijifunza kutembea na futi kamba na kuandika majina ya vijiji kwa usahihi, kwa sababu naibu waziri akimrekebisha mbunge jina la kijiji chake mwenyewe mbele ya ukumbi, siku hiyo imekwisha.

Alikuwa na daftari kubwa la jalada gumu, aina ile ya makarani wa zamani, ambamo kila ahadi ya serikali ilikuwa na mstari wake: nani kasema, lini, kikao kipi, na ahadi imefikia wapi. Ahadi ya barabara ilipitia hatua anazozijua kila mtu aliyewahi kusikiliza Bunge redioni. Kwanza serikali inatambua umuhimu wa barabara hiyo. Kisha upembuzi yakinifu. Kisha usanifu wa kina. Kisha itajengwa kadiri fedha zitakavyopatikana. Wananchi walikuwa wakicheka, wanaona ni danganya toto. Mzee hakucheka. Kwake kila hatua ilikuwa ngazi halisi, na mradi ukirudishwa kutoka usanifu kwenda upembuzi, kama ilivyowahi kutokea kwa barabara moja ya kwetu, alipiga simu Dodoma hadi usiku.

"Hotuba ni ya magazeti," aliniambia mapema kabisa. "Fedha ziko Kitabu cha Nne." Alimaanisha juzuu ya makadirio ya matumizi ya maendeleo. Kila bajeti ilipotoka alinitumia kurasa za Fungu 98, la ujenzi, nizisome kwa rula, mstari kwa mstari. Ilikuwa kawaida kukuta barabara iliyosifiwa kwenye hotuba ya waziri haina hata senti kitabuni, au ina fedha za kulipa deni la mkandarasi tu. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwa nini baadhi ya wabunge wanaongea sana na majimbo yao hayasogei.

Kuna jambo ambalo wananchi wengi hawalijui na wabunge wengi hawana hamu ya kuwaambia. Katiba yetu, ibara ya 99, haimruhusu mbunge wa kawaida kupeleka pendekezo la kuongeza matumizi ya serikali au kubadili kodi. Hilo linaanzia kwa Rais kupitia kwa waziri. Na ibara ya 90 inampa Rais uwezo wa kulivunja Bunge likikataa bajeti. Ukiziweka pamoja unaona mbunge amesimama wapi. Anaweza kuuliza, kulalamika, kushawishi, kuaibisha. Hawezi kuchota. Mzee alizijua ibara hizo kwa kichwa na ndiyo maana kwenye mikutano ya hadhara hakusema "nitawaletea barabara." Alisema "nitaikumbusha serikali," na watu walimwona mnyonge kwa sababu hiyo, hasa wakiwa wametoka kumsikiliza mtu anayeahidi kiwanja cha ndege.

Silaha kubwa iliyobaki ni shilingi. Bunge likikaa kama Kamati ya Matumizi kupitisha mafungu ya wizara, mbunge asiyeridhika anaweza kutoa hoja ya kuondoa shilingi moja kwenye mshahara wa waziri mpaka apate maelezo. Shilingi yenyewe si kitu. Lakini waziri anabanwa mbele ya nchi nzima, wenzako wanasimama kukuunga mkono au kukutosa, na kauli itakayotoka hapo ina uzito kuliko hotuba. Mzee alishika shilingi mara chache mno. Vijana walioingia baadaye waliishika kila wizara, na waziri akawa anajua kwamba dakika tano mbele itarudishwa kwa maneno "nimeridhika na maelezo." Yeye alipoishika, watu walinyanyua vichwa. Muda nao una hila zake: saa ikifika, Spika anatangaza gilotini, mafungu yaliyobaki yanapita kwa pamoja bila kuhojiwa, na mwenye shilingi yake mfukoni anaondoka nayo. Ndiyo sababu Mzee alifanya kazi kubwa zaidi kwenye kamati ya miundombinu, wiki kadhaa kabla ya ukumbi kujaa, makatibu wakuu wakiwa wamekaa mezani na hakuna kamera. Mstari ukiingia kitabuni wakati huo, hauhitaji kushika kitu chochote.

Alifanya kazi chini ya maspika wanne: Adam Sapi Mkwawa, Pius Msekwa, Samuel Sitta na Anne Makinda. Alianzia Karimjee, Dar es Salaam, akahamia Dodoma na Bunge, akaingia kwenye ukumbi mpya uliofunguliwa 2006. Kati ya hao wote alimheshimu sana Makinda, aliyemkuta bungeni mwaka 1985 akiwa tayari na miaka 10 mle ndani, maana aliingia 1975 akiwa msichana wa miaka 26. "Yule anaijua Kanuni kuliko walioiandika," alikuwa akisema. Nadhani alijiona ndani yake: mtu aliyekwea taratibu, bila kelele.

Jimboni kazi ilikuwa nyingine kabisa. Ibara ya 63 inasema Bunge ni chombo cha kuisimamia na kuishauri serikali kwa niaba ya wananchi. Sijapata kukutana na mwananchi aliyekuja ofisini kwangu kutaka serikali isimamiwe. Walikuja na ada ya shule, na barua ya rufaa ya hospitali, na kijana aliyemaliza kidato cha nne anatafuta kazi ya ulinzi. Walikuja msimu wa kupulizia na habari kwamba salfa haijafika na ubwiri unga, ule ugonjwa wa mikorosho, unamaliza maua. Baada ya mfumo wa stakabadhi ghalani, wa mkulima kukabidhi mazao ghalani na kulipwa baadaye yakiuzwa, kuanza kwenye korosho mwaka 2007, walikuja na karatasi za chama cha msingi, malipo ya kwanza wamepata na ya pili hawayaoni. Mzee aliwasikiliza wote. Wengine aliwasaidia kwa mshahara wake. Wengi aliwaelekeza kwa mtu sahihi, na hapo ndipo ilipoonekana faida ya ukongwe: alikuwa anamjua mtu sahihi kwa jina, na mara nyingine alikuwa amemjua tangu akiwa karani.

Kuhusu misiba ningeweza kuandika kitabu. Mbunge wa kwetu hupimwa makaburini. Mzee alipokuwa jimboni alikwenda, akakaa mkekani na watu wa nyuma, hakuomba kusema neno, akaondoka baada ya dua. Alipokuwa Dodoma nilikwenda mimi. Kanuni yake ilikuwa ubani wa kiasi kilekile kwa kila msiba, awe amefiwa diwani au mzee asiye na mtu, awe wa chama chake au wa CUF, chama cha upinzani. Niliona ni ukaidi. Tajiri mmoja alikasirika wazi, akaona amedhalilishwa. Lakini watu hulinganisha. Jioni ya msiba wowote kijiji kizima kinajua nani ametoa nini, na mbunge anayetofautisha wafu ameshajitengenezea orodha ya wanaomchukia. Nilikuja kuona tajiri yule alimpigia kampeni hata hivyo. Maskini wa upande wa pili, waliokuwa wanatazama tu, ndio walioshangaa kutendewa sawa na wenye nazo, na hao ni wengi.

Halafu kuna fedha. Kila Bunge linapovunjwa mbunge hulipwa kiinua mgongo, na watu wakisikia kiwango chake wanashika midomo. Cha Mzee kilikuwa kimeliwa kabla hakijafika: mkopo wa gari, madeni ya kampeni, wanafunzi. Nyumba yake ya bati la zamani ilibaki vilevile muhula baada ya muhula, na kwa ajabu ya siasa zetu wapo waliomcheka kwa hilo. Mbunge gani huyu hana hata ghorofa?

Mfuko wa jimbo ulipoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2009, nilidhani utampunguzia mzigo. Uliongeza. Fedha ni za serikali, zinapitia akaunti ya halmashauri, lakini mbunge ndiye mwenyekiti wa kamati inayozigawa. Kwa hiyo kata iliyokosa saruji inajua wa kumlaumu, na kata iliyopata inamshukuru yeye kana kwamba katoa mfukoni. Wenzake wengine waliandika majina yao kwenye mabati na madawati. Yeye alikataa, na alikuwa sahihi kisheria na kimaadili, lakini kisiasa ilimgharimu. Mimi mpaka leo nauona mfuko ule kuwa zawadi yenye ndoana ndani: unamgeuza msimamizi wa serikali kuwa mgawaji wake.

Afadhali baraza la madiwani. Mbunge ni mjumbe wake, na wengi hawahudhurii, wanaona ni kushuka daraja. Mzee hakukosa baraza la bajeti. Barabara za vijijini, walimu, dawa za zahanati, yote hayo yanaamuliwa pale, na diwani akizoea kukuona mezani haendi kukusema vibaya kwenye kata yake. Mihula yake sita, nikipima kwa haki, nusu aliishindia kwenye ule ukumbi wa halmashauri wenye feni moja inayozunguka.

Ila nyakati zilibadilika, na hapa naanza sehemu isiyonifurahisha.

Februari 7, 2008, taarifa ya kamati teule ya Bunge, iliyoongozwa na Harrison Mwakyembe, kuhusu Richmond, kampuni iliyopewa mkataba wa umeme wa dharura, ilimfanya Waziri Mkuu Edward Lowassa atangaze kujiuzulu. Nchi ilisimama. Kwetu watu waliacha kubangua korosho wakakusanyika penye redio. Tangu siku ile wananchi waliona Bunge ni mahali ambapo maneno yanaweza kuangusha mtu mkubwa, na wakaanza kuniuliza: wetu mbona hatumsikii? Nilijibu habari za kamati na Kitabu cha Nne. Nani anataka kusikia habari za Kitabu cha Nne?

Mwaka 2010 chama nacho kikabadili utaratibu wa kura za maoni, zile za kumpata mgombea wake. Zamani walipiga wajumbe wa mkutano, watu ambao Mzee aliwajua mmoja mmoja, na watoto wao, na magonjwa yao. Sasa kila mwanachama mwenye kadi alipiga kura tawini kwake. Mtaji wake wa kujuana ukayeyuka kwa mara moja. Alipita, lakini kwa kura chache, na aliyekuwa wa pili hakuwa amewahi kukaa kwenye kikao chochote cha halmashauri. Alikuwa na pikipiki nyingi na spika kubwa.

Kisha ikaja gesi. Desemba 2012 watu waliandamana Mtwara wakipinga gesi kupelekwa Dar es Salaam kwa bomba kabla wao hawajaonja faida yake. Januari 2013 ghasia zikafika Masasi. Aprili, Liwale, ikawa hasira ya malipo ya korosho. Mei 22 bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini iliposomwa bungeni na Waziri Sospeter Muhongo, Mtwara mjini ilichafuka, majengo yakachomwa, wanajeshi wakaletwa. Simu yangu haikunyamaza wiki nzima. Wote walitaka kitu kimoja: Mzee asimame aseme.

Hakusimama. Alisema ndani ya kikao cha wabunge wa chama, tena kwa ukali, kwa jinsi nilivyosimuliwa na waliokuwemo, na alimwendea waziri, na aliandika barua. Nilipompigia nikamwambia watu wanataka kumsikia, si kusikia habari zake, alinikumbusha ibara ya 71: mbunge akitoka kwenye chama kilichompa tiketi, kiti kimekwenda. "Nikifukuzwa, kilomita zile atazifuatilia nani?" Hiyo ndiyo hoja yake, na haikuwa ya uoga. Aliamini kabisa kwamba sauti yake ingezimwa mara moja na kazi ya miaka mingi ingebaki yatima.

Mimi niliona vingine na bado naona vingine. Kuna siku ambayo mtu aliyetumwa na watu anatakiwa aonekane upande wao, hata kama kuonekana huko hakubadilishi mstari wowote kitabuni. Hakuhitaji kuondoka kwenye chama. Dakika tano zingetosha. Ukongwe ulimpa uwezo wa kujua milango yote ya nyuma, na nadhani ndio uliomfanya asahau kwamba watu wake walikuwa wamesimama mlango wa mbele. Nilimwambia hivyo, kwa adabu. Akanyamaza, kisha akaniuliza habari za kisima cha shule fulani.

Alipokuja jimboni baada ya Bunge alifanya mkutano kama desturi. Alisoma kutoka kwenye daftari: hiki kimekamilika, hiki kiko hatua hii. Vijana wa nyuma wakaanza kupiga miluzi. Mmoja akapaza sauti, "Mheshimiwa, gesi!" Aliendelea kusoma kuhusu zahanati. Wazee wa mbele waliinamisha vichwa. Sikuwahi kumwona akizomewa kabla ya hapo, na nilipomtazama sikuona hasira, niliona mtu asiyeelewa swali.

Mwaka 2015 nilimshauri apumzike. Mke wake alimshauri. Makinda mwaka huohuo alikuwa ametangaza kwamba hagombei tena, baada ya miaka 40, akiwa Spika, na hakuna aliyemsukuma kwa kura. Nilimtolea mfano huo nikidhani utamgusa, kwa jinsi alivyomheshimu. Alisema lami ya Ndundu ndiyo kwanza imekamilika, sasa anataka kugeukia barabara za ndani. Yalikuwa kweli, na ndicho kinachowaponza wakongwe: daima kuna mstari mmoja uliobaki. Alishindwa kura za maoni, tena vibaya, hata kwenye matawi ya kata aliyozaliwa. Aliyemshinda ni mfanyabiashara kijana, msemaji mzuri, aliyesomeshwa sekondari kwa fedha za mfuko ule mdogo wa ada ambao Mzee aliuendesha kwa mshahara wake.

Hakukata rufaa. Baadhi ya wapambe walitaka ahamie upande wa pili, kama wengi walivyofanya mwaka ule wa Ukawa, umoja wa vyama vya upinzani, na walikuja usiku na ahadi zao. Aliwapa kahawa wakanywa wakaondoka.

Sheria zetu hazina utaratibu wa mbunge anayetoka kumkabidhi anayeingia. Ofisi inakabidhiwa kwa maana ya meza, viti na funguo; kumbukumbu ni za mtu binafsi, na nimesikia majimbo ambako mafaili yalichomwa kwa hasira. Kijana wetu, baada ya kuapishwa, alikuja mwenyewe, bila msafara. Alimwamkia Mzee kama mtoto anavyomwamkia baba yake, akakaa kiti cha chini. Nilitarajia maongezi ya dakika kumi ya heshima. Walikaa mchana kutwa. Mzee alifungua daftari ukurasa wa mwisho, akampitisha kwenye ahadi ambazo hazijatekelezwa, moja baada ya nyingine, akimweleza ipi ina uhai na ipi imekufa ila serikali haijasema. Walibishana sana kuhusu kituo kimoja cha afya. Kijana alitaka kuanza nacho kwa sababu alikiahidi kwenye kampeni. Mzee alimwambia hakimo hata kwenye mpango wa halmashauri, aanzie baraza la madiwani la Februari, la sivyo atauliza miaka mitano akijibiwa kwamba maombi hayajafika wizarani.

Mwisho kijana akaomba namba ya simu ya mtu wa kumtegemea wizarani. Mzee akaitafuta kwenye karatasi zake, akamwandikia. Kijana akasoma jina, akauliza kama huyo ni mkurugenzi.

"Ni mchumi wa bajeti, chumba cha mwisho kushoto," Mzee akasema. "Mkurugenzi atakujibu vizuri sana. Huyu ndiye atakayekuingiza kitabuni. Na usimpigie Ijumaa."